Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupunguza na kurekebisha mkanda wa chuma wa saa ukiwa nyumbani

Haya ni maswali yaleyale yanayojirudia kila mtu akipata saa yenye mkanda wa chuma, afu inamzunguka mkononi kama bangili ya mtu mwingine. Nimeyapanga kuanzia yale mepesi hadi yale ya kutoboa na kukunja. Ukiona nimesema angalia juu, basi jibu lipo juu, sirudii.

## Mwanzo kabisa

Hivi nikijaribu mwenyewe siwezi kuiua saa?

Saa yenyewe huigusi, unagusa mkanda tu. Kinachoweza kuumia ni pini, loki (kile kifungio cha mkanda), na sura ya mkanda ukiteleza na bisibisi. Hatari ya kweli ni moja, kugonga na nyundo wakati kichwa cha saa kimeninginia hapohapo, ile mitikisiko inaenda moja kwa moja kwenye mashine, na saa za kujaza ufunguo au za kujijaza zenyewe hazipendi kabisa mchezo huo. Kama unaweza, toa mkanda kwenye saa kwanza. Kama huwezi, hakikisha kichwa kimelala kwenye kitambaa na sio kinarukaruka hewani.

Kanuni yangu mimi ni kuanza na kile kinachorudishika. Kusogeza pini ya loki kunarudishika, kutoa pingili (vile vipande vilivyoungana vikawa mkanda) kunarudishika, kukunja chuma kidogo kunarudishika nusunusu. Kupiga tupa na kutoboa ndo imetoka hiyo, kwa hiyo vipo chini huko mwishoni na uvifikie ukiwa umeshashindwa vingine vyote.

Mkanda unatakiwa ukae vipi mkononi?

Kidole kidogo kipite chini ya loki bila kulazimisha, na saa isizunguke hadi kioo kikaangalia chini ukishusha mkono. Usipime asubuhi tu. Mkono unavimba kukiwa na joto, ukitembea sana, hata baada ya kula, kwa hiyo mkanda uliokutosha vizuri asubuhi jioni unaweza kukuachia alama za pingili kwenye ngozi. Pima mara mbili kwa siku ndo uamue.

Kuna njia ya kupunguza bila kutoa pingili hata moja?

Ipo, na wengi hawaijui, wanakimbilia nyundo. Shika loki uiangalie ubavuni. Loki nyingi zilizokunjwa kwa bati zina matundu madogo mawili, matatu au manne yamejipanga mstari mmoja. Kwenye tundu moja kati ya hayo kuna ncha ya pini ya springi imechungulia. Ile pini ndo imeshika mkanda kwenye loki, ukiihamisha tundu moja kuelekea ndani unapunguza milimita chache, ukiihamisha kuelekea nje unaongeza.

Namna ya kufanya: chukua kitu chembamba chenye ncha isiyochoma sana, bonyeza ile ncha iingie ndani, huku unasukuma mkanda kidogo pembeni ili ncha isirudi kwenye tundu lake. Upande mmoja ukiachia, mwingine unafuata wenyewe. Fanya hiyo kazi mikono yako ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, na sitanii, pini ya springi ikichomoka inaruka na utaitafuta chini ya kitanda mpaka kesho. Wakati wa kurudisha sikiliza ule mlio mdogo "tk" pande zote mbili, afu vuta mkanda kwa nguvu kiasi. Kama husikii tk na tundu limebaki jeusi bila ncha, pini haijaingia, usivae.

Kama loki yako haina matundu hayo kabisa, nenda kwenye pingili, au soma swali la kutoboa huko chini.

Nahitaji vifaa gani?

Vichache sana. Kisukumio chembamba kuliko pini (msumari mwembamba uliopigwa tupa ncha ikawa bapa unatosha), nyundo ndogo, bisibisi ndogo zile za miwani, plaizi yenye mdomo mwembamba, na kipande cha ubao kilichochanwa mfereji wa kusimamishia mkanda wima, na chini ya mfereji toboa tundu ili pini ipate pa kutokea. Selotepu ya karatasi pia, ya kufunika sehemu zinazong'aa. Taa nzuri ni muhimu kuliko hivyo vyote, wallahi nusu ya makosa yangu nimeyafanya kwenye mwanga hafifu.

## Kutoa pingili

Nitajuaje mkanda wangu umefungwa na pini au skrubu?

Angalia ubavuni pale pingili zinapokutana. Ukiona mstari katikati ya kichwa na kichwa kimezama kwenye tundu pana kidogo, hiyo ni skrubu, Rolex za sasa hivi ziko hivyo. Ukiona kiduara kidogo tu, ni pini. Hapa wengi wanaingia mtego, maana kuna pini ambayo imepasuliwa mwishoni kama kibanio cha nywele, na ule mpasuo nao unaonekana kama mstari wa skrubu, mtu anazungusha bisibisi mpaka anachoka. Kipimo changu, kama ndani ya mkanda kuna mishale basi ni pini, usizungushe.

Aina ya tatu ni pini nyoofu isiyo na mpasuo ambayo inashikwa na kijibomba kidogo ndani ya pingili. Seiko nyingi za kuzamia zinatumia hii. Hiyo ina swali lake hapo chini, usiigonge kabla hujalisoma.

Mishale ndani ya mkanda ina maana gani?

Inaonyesha pini inatokea upande gani. Unasukuma kufuata mshale. Wakati wa kurudisha unaingizia upande ule mshale unakoelekea, yaani kinyume, ncha nzima ikitangulia na ncha yenye mpasuo ikiingia mwisho.

Na ufuate kweli. Saa yangu ya kwanza niligonga kinyume nikijiambia si pini tu, itatoka popote. Ilikataa, nikaongeza nguvu, ile ncha ikatanuka kama kichwa cha uyoga ndani ya tundu, ikawa haiendi mbele hairudi nyuma. Nilikuja kuitoa kwa kuipiga tupa kile kichwa chote, na tundu mpaka leo lina kovu.

Nitoe pingili ngapi, na upande upi?

Vaa saa, weka kichwa katikati ya mkono, afu bana mkanda uliozidi pale kwenye loki mpaka ukae unavyotaka. Hesabu pingili zilizoingia kwenye lile kunjo, pande zote mbili. Hiyo ndo idadi. Kama imekuja mbili na kidogo, toa mbili, hicho kidogo kimalize kwenye matundu ya loki, na kabla ya kuanza rudisha pini ya loki tundu la katikati ili ubaki na nafasi ya kuongeza na kupunguza baadaye.

Toa sawa kwa sawa, moja juu moja chini, ili loki ibaki katikati ya kifundo cha mkono kwa chini. Ikiwa idadi ni witiri, ile ya ziada mimi huitoa upande wa namba 6, maana kwa mkono wangu loki inakaa vizuri hivyo, lakini jaribu wewe mwenyewe, loki ikienda kugusa mfupa wa pembeni ya mkono basi umekosea upande. Mikanda mingine ina nusu pingili karibu na loki, hiyo ni dhahabu usiitupe, ukishindwa kati ya kubwa na ndogo itakuokoa.

Pingili za karibu na kichwa cha saa mara nyingi hazitoki kabisa, hazina mshale. Ziache.

Pini imetoka na kijibomba kidogo kimeanguka, ni cha nini?

Usihame hapo ulipo! Hicho ndo kinashika pini. Ni kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, kinakaa katikati ya pingili au pembeni kutegemea mkanda, na pini inabana ndani yake. Ukirudisha pini bila kijibomba itaingia raha mustarehe, utafurahi umepata kazi rahisi, afu baada ya siku mbili saa iko sakafuni.

Kwa hiyo kwenye mikanda ya namna hii fanya kazi juu ya kitambaa cheupe, gonga taratibu, na kila pini ikitoka tikisa pingili uone kama kijibomba kimetoka au kimebaki. Kukirudisha, simamisha pingili wima, kidondoshe kwenye tundu la katikati, funga pingili, pitisha pini mpaka uhisi inakaza. Ukihisi haijakaza popote hakipo, anza upya.

Pini imegoma kabisa, nigonge zaidi?

Hapana. Kwanza hakikisha hujaenda kinyume na mshale. Pili, mkanda uliovaliwa miaka umejaa jasho, vumbi na mafuta ya ngozi ambavyo vimegeuka kuwa gundi, kwa hiyo toa mkanda kwenye saa, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo nusu saa, sugua na mswaki mlaini, suuza, kausha. Mara nyingi hapo inaachia. Ikikataa tia tone la mafuta ya kulainishia kutu, uache usiku kucha, lakini hayo mafuta yasikaribie kichwa cha saa.

Kisukumio kikiwa kifupi ni bora kuliko kirefu, kirefu kinapinda. Piga mapigo mengi madogo sio moja la hasira.

Skrubu haizunguki, na kichwa kimeanza kulika.

Simama hapohapo kabla hakijaisha. Skrubu nyingi za mikanda zinatiwa gundi kiwandani zisijifungue, na gundi hiyo inalainika kwa joto. Mkanda ukiwa peke yake bila saa, uweke kwenye maji ya moto dakika chache, afu jaribu tena na bisibisi ambayo upana wake unajaza mpasuo wote. Bisibisi nyembamba kuliko mpasuo ndo inakula vichwa. Kuna mikanda skrubu inapita mpaka upande wa pili na inahitaji bisibisi mbili, moja ishike moja izungushe, angalia pande zote kabla hujalaumu.

Ukirudisha tia gundi ya skrubu ile dhaifu, tone dogo kwenye nyuzi. Isiyo dhaifu utajuta siku ya kufungua. Usipokuwa nayo rangi ya kucha isiyo na rangi inasaidia kiasi.

## Mikanda ambayo haina pingili za kawaida

Mkanda wangu ni wa wavu, naukataje?

Mara nyingi huukati. Mikanda mingi ya wavu ina loki inayoteleza, ndani yake kuna kibao kidogo unakiinua na ncha ya bisibisi, unasogeza loki, unakibonyeza kishike tena. Kama kibao kimelegea na loki inateleza wakati umevaa, kiinue, kikunje kidogo sana kuelekea chini kwa plaizi, jaribu. Ukikikunja mara nyingi kitavunjika, chuma hakisamehi kukunjwa hukohuko kila siku.

Na ule unaovutika kwa springi?

Ule maarufu kuliko yote, Twist-O-Flex wa Speidel, umekuwepo tangu 1959, kwa hiyo huenda saa ya babu unayo hiyohiyo. Hauna pini za kugonga. Ndani kuna vibati vilivyokunjwa kwenye kingo, unavifungua upande wa juu vipande kadhaa na upande wa chini vipande kadhaa vya jirani, afu unavuta pembeni sehemu yote inachomoka. Kuunganisha ni kinyume chake. Nakuonya inachosha macho, na ukikosa mpangilio wa vile vibati mkanda unakaa upogo.

## Loki

Loki inafunguka yenyewe, nibadilishe?

Jaribu hii kwanza. Fungua loki uangalie ndani, kuna mdomo mdogo au kijipini ambacho kinaingia kwenye meno ya upande wa pili. Kikishalika au kikipinda kidogo ndo kinaachia. Funika midomo ya plaizi kwa selotepu, ukunje ule mdomo kidogo kabisa kuelekea kule unakoshika. Nikisema kidogo namaanisha kiasi ambacho jicho halioni tofauti. Funga, sikiliza. Mlio wa kushika ni mkavu na mfupi, mlio wa kutoshika ni kama umefunga droo ya zamani. Ongeza kidogo tena kama bado.

Ukizidisha, loki itakuwa ngumu kufungua mpaka kucha zinauma, basi rudisha kidogo. Mara mbili tatu haina shida, mara kumi utavunja. Na osha loki kabla ya yote hayo, nimeshaona loki "mbovu" ambayo tatizo lake lilikuwa uchafu umejaa kwenye kona.

Naweza kutoboa tundu la ziada kwenye loki?

Unaweza, na kwa mkono ulio katikati ya saizi mbili ni raha isiyo na mfano. Ila hairudi nyuma, kwa hiyo hakikisha umemaliza habari ya matundu yaliyopo na ya nusu pingili.

Angalia nafasi. Kati ya tundu jipya na la zamani libaki bati la upana usiopungua tundu lenyewe, vinginevyo litachanika. Chagua biti ya drili (kile chuma chembamba kinachotoboa) kwa kuijaribu kwenye tundu lililopo, ile inayopita bila kucheza ndo saizi. Weka alama kwa kipimo pande zote mbili kutoka tundu la jirani, ukikosea nusu milimita pini itakaa mshazari. Chomeka kipande cha mti mgumu ndani ya loki ili ubavu usibonyee, bana kwenye jiliwa lenye kitambaa, gonga alama na ncha ya msumari ili biti isitembee.

Sasa stenlesi ina tabia yake, ikisuguliwa na biti inayozunguka bila kukata inakuwa ngumu zaidi ya ilivyokuwa, hapo biti inachemka na kufa. Drili iende taratibu, mkandamizo uwe wa kueleweka, tone la mafuta, na usiruhusu izunguke tu bila vumbi la chuma kutoka. Vaa miwani, biti nyembamba zinavunjika zinaruka. Ukimaliza ondoa makali ndani na nje kwa kuzungusha biti kubwa zaidi kwa vidole tu. Mimi yangu nilitoboa upande mmoja safi, wa pili ukaenda juu kidogo, pini inashika lakini nikiuangalia kwa jicho moja nauona upogo, hakuna mwingine anayeuona, mie nauona kila siku.

## Ngozi na nywele

Mkanda unaninyofoa nywele za mkono.

Ni nafasi kati ya pingili, hasa mikanda ya bati lililokunjwa. Ukiwa umelegea ndo unazidi kunyofoa maana unatembea, kwa hiyo kwanza uufunge saizi yake. Kama bado, tafuta pingili inayouma kwa kupitisha uzi wa pamba ndani ya mkanda, pale uzi unaponasa ndipo. Lainisha ile kona kwa msasa wa namba 800 afu 1000, kidogokidogo. Hii pia ni dawa ya kingo kali zinazochana mikono ya shati.

Napata vipele chini ya mkanda.

Mara nyingi ni unyevu na sabuni iliyobaki, osha mkanda, kausha, lala bila saa. Isipoisha inaweza kuwa nikeli. Hata chuma kizuri cha saa, kile kinaitwa 316L, kina nikeli ya asilimia 10 hadi 14, ila imefungwa vizuri ndani na haitoki kirahisi. Ulaya wameweka kikomo, kitu cha kugusa ngozi muda mrefu kisiachie zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Shida kubwa huwa kwenye mikanda iliyopakwa rangi ya fedha juu ya madini mengine, rangi ikitoka ngozi inakutana na kilicho chini. Usiupige msasa mkanda kama huo ukidhani unausafisha, unazidisha. Badilisha na wa titani au ngozi, na vipele visipopona muone daktari.

## Mambo ya pembeni

Nimechubua mkanda nikifanya haya, naufutaje?

Kama sehemu ile ina mistari myembamba, chukua sponji ya kusugulia vyombo, upande mgumu, sugua kufuata mistari, upande mmoja tu, usirudi nyuma na usizungushe. Funika sehemu zinazong'aa kwa selotepu. Sehemu zinazong'aa kama kioo usiziguse na sponji hiyo. Mkanda mweusi au wa rangi ya dhahabu mara nyingi ni rangi juu tu, ukiusugua unaitoa, mkwaruzo wake uishi nao.

Pini imepotea, naweza kukata sindano au klipu ya karatasi?

Klipu ni laini na inashika kutu, sindano ni ngumu lakini inakatika ghafla bila kupinda. Zote mbili kwa dharura ya kufika nyumbani tu, sio zaidi. Pima upana wa mkanda na unene wa tundu, tafuta pini ya saizi hiyo. Za kushika mkanda kwenye saa zinapimwa kwa nafasi kati ya masikio ya saa (zile pembe zinazoshika mkanda), kawaida milimita 18, 20 au 22, na unene wa 1.5 au 1.8, ila saa nyingi za kuzamia za Seiko zinataka nene ya 2.5.

Mkanda wa titani au keramiki ni mambo yaleyale?

Titani ndiyo, ila inachubuka upesi na skrubu zake zinapenda kung'ang'aniana, kwa hiyo taratibu. Keramiki usigonge hata kidogo, inapasuka kama kikombe. Hiyo mpe fundi saa.

Pingili nilizotoa nizitupe?

We! Zitie kwenye kibahasha pamoja na pini na vijibomba vyake, andika juu ni za saa gani. Ukinenepa utazihitaji, na anayenunua saa yako baadaye huenda ana mkono mkubwa kuliko wako.